Kurasa Zilizoshikana

Jumapili, mtaa wa Tristán Narvaja, Montevideo.
Mvua imekatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine,
na wauza vitabu wanakung'uta maturubai.
Hermes Bentancor anavuta mate kwa mrija wa bati
(usicheke, msomaji, ndilo jina la kinywaji chao,
majani machungu ndani ya kibuyu),
wala hamwangalii mteja mpaka mteja ashike kitu.

Zulma ameshika.
Kitabu cha zamani cha kuwafunza walimu wa mashambani,
jalada la kijani limechujuka likawa rangi ya chai ya jana,
mgongo umeshonwa upya kwa uzi wa magunia.
Kinanuka nyumba iliyofungwa.
"Mia mbili."
"Lakini kimeandikwaandikwa ndani."
"Basi mia mbili na hamsini," asema Hermes,
"maana humo mna vitabu viwili."

Amelipa. Nauli ya basi imekwenda humo humo.
Anatembea mitaa ishirini na mitatu,
kitabu ndani ya koti kama mkate wa moto.

Ana miezi minne kazini,
watoto thelathini na mmoja, sauti imemkauka.
Ijumaa aligonga meza kwa rula mpaka rula ikavunjika.
Watoto walicheka.
Alikwenda kulia chooni, bomba akilifungulia wasimsikie.

Mwandishi wa kitabu ni bwana mwenye uhakika.
*Mwalimu bora huingia darasani kama jua:
hana haja ya kujitambulisha.*
Pembeni, kwa penseli, mwandiko mwembamba ulioinama:
Jua halijawahi kuwasha jiko la shule kwa kuni mbichi.

*Adhabu ikitolewa kwa utulivu hujenga.*
Nilijaribu. Kwa utulivu. Sijaona jengo.

Penye sura ya mahudhurio:
Leo wamekuja wanne. Mto umefurika. Tumechora mto.

Na ukurasa wa sabini na saba,
ambapo pini ya nywele imeacha alama ya kutu:
Olegario bado hajashika hata a.
Anajua majina ya farasi sitini na wawili. Nimeyahesabu.

Jina lake mwenyewe hakuliandika popote.
Ni "Shule Na. 46" tu, na doa la wino.

Baada ya ukurasa wa mia na kumi na mbili
hakuna penseli tena.
Kurasa zimeshikana kwa juu, mbili mbili,
kama zilivyotoka kiwandani; hakuna kisu kilichopita.
Alihamishwa? Aliolewa? Alichoka?
Au siku hiyo Olegario alisoma,
naye akaona bwana yule hana la kumwongezea?
Zulma analeta kisu cha jikoni.
Anakiweka kando ya kitabu.
Anakaa hapo mpaka chai inapoa.

Jumatatu. Dawati la mwisho, Tabaré,
ambaye baba yake huokota makaratasi kwa mkokoteni.
Tangu Machi hajasoma neno,
na leo pia amelaza shavu juu ya daftari.
"Farasi wenu anaitwaje?"
Kimya. Mtu anapiga chafya.
"Domingo."
Yaani Jumapili, siku pekee asiyovuta.
Zulma anaandika ubaoni, herufi saba, chaki inalia.
Tabaré anainua kichwa, anakipinda upande,
kama mtu anayekagua picha ya ndugu yake.
"Fupi," anasema. "Yeye ni mrefu kuliko hivyo."

Zulma anafuta.
Anaandika tena, kuanzia dirishani,
D kubwa kama mlango,
na inapofika o ya mwisho ubao umekwisha,
anaimalizia ukutani.

Mkuu wa shule atauliza habari za ukuta.
Kisu kiko pale pale mezani, kinapaka siagi.
Kurasa bado zimeshikana.